Siku Nilipowasomea Wakwe Barua ya Dada Fausta

Aibu hii ni yangu na sijapata mahali pa kuiweka ikatulia. Kila Krismasi, watu wa kwetu Kibosho wanaporudi kutoka Dar na Nairobi na kujaa barabarani na viatu vyao vipya, hakuna anayeniuliza habari za kazi wala za afya, wananiuliza, "Deo, leo unatusomea nini?" halafu wanacheka mpaka wanashikana mabega, na mimi nacheka nao (nifanyeje?), kisha naenda nyuma ya banda la ng'ombe nakaa huko mpaka uso upoe. Kwa hiyo nimeona niiandike mwenyewe, polepole kama ninavyoandika kila kitu, ili wanaocheka wacheke kilichotokea kweli na si zile nyongeza za Shangazi Konsolata.

Mimi niliishia darasa la saba. Sikuonewa na mtu, nilikuwa nasoma kwa kidole, neno baada ya neno, na mtihani ulikuwa unaisha wenzangu wakiwa wameshatoka nje wanacheza mpira na mimi bado nakodolea macho maswali ya mwanzo. Tena nina haya. Nikiwaamkia wazee, shikamoo yangu inatoka ndogo mpaka wengine wanadhani nimekohoa. Mtu wa namna hiyo ungesema atafaa kulima kahawa na kukaa kimya, na ndivyo baba alivyosema, lakini Kaka Elinami, kijana wa Old Moshi aliyesomea kompyuta, alifungua duka la intaneti mjini Moshi karibu na soko, akanichukua nifagie na nipange wateja kwenye foleni. Wakati ule simu za mkononi zilikuwa za watu wachache na barua pepe ndiyo ilikuwa habari ya mjini. Baada ya miezi kadhaa Kaka Elinami akagundua kwamba mimi, kwa huo uzito wangu, sikosei herufi hata moja, akaniita chumba cha nyuma, kwenye ile kompyuta kubwa ya barua waliyoiita seva, akanifundisha kazi ya aliasi.

Aliasi si jambo gumu, na hapo ndipo lilipo tatizo lake. Ni ukurasa mmoja mrefu. Upande wa kushoto unaandika jina ambalo watu watalitumia barua, unaweka nukta mbili, na upande wa kulia unaandika masanduku ya wale watakaopelekewa barua hiyo. Ukimaliza unaiamuru seva iusome ukurasa upya, basi. Ukiandika kushoto "kwaya" na kulia ukaweka wanakwaya wote, mtu akiandika barua moja kwa kwaya, kila mwanakwaya anapata yake. Nilipoona hilo likifanyika mara ya kwanza nilitetemeka kwa furaha, maana mimi ambaye sijawahi kuwaambia watu watatu neno kwa pamoja, niliweza kuwafikishia watu ishirini habari kwa mstari mmoja.

Sasa, dada yangu Fausta. Ni mkubwa kwangu, mwalimu wa shule ya msingi huko huko kwetu, na alikuwa ameposwa na Anaeli, kijana wa Old Moshi anayefanya kazi kiwandani Dar es Salaam. Sisi ni Wakatoliki na kina Anaeli ni Walutheri. Hilo peke yake si ajabu siku hizi, watu wanaoana, lakini Anaeli ni kitinda mimba, na kwetu kitinda mimba ndiye anayeachiwa nyumba ya wazazi na kihamba chake, yaani ile migomba na kahawa inayoizunguka, na ndiye anayekaa na mama mpaka mwisho. Baba yake alishafariki. Kwa hiyo kanisa atakaloingia Anaeli ndilo litakaloingia nyumbani kwa mama yake, na mama yake ni mzee wa usharika, mwanamke mrefu, mkimya, anayejulikana kwa kutokosa ibada hata mvua ikikata barabara. Swali la ndoa ifungwe wapi lilikuwa linazungukwa na kila mtu. Kila likikaribia kutajwa, Baba mdogo Prosper, mdogo wake baba na mwenyekiti wa kamati ya harusi, alikuwa anasema, "La kanisa tutaliongea mwishoni, kwanza tuongee ng'ombe," na watu wanapumua.

Kamati ilikuwa ya pande zote mbili na imesambaa. Baba mdogo alikuwa na sanduku pale dukani kwetu, na Fausta vilevile. Anaeli alikuwa Dar, Shangazi Konsolata Nairobi, na Godlisten, kaka yake Anaeli, alikuwa anafanya kazi ofisini Bomang'ombe na huko kulikuwa na kompyuta. Mimi nikatengeneza aliasi ya "harusi", nikawaweka wote hao kulia. Ikafanya kazi vizuri mno! Shangazi akiandika habari za keki, wote wanapata. Jumamosi jioni nilikuwa nafungua sanduku la Baba mdogo (yeye macho hayamsaidii na kompyuta anaiogopa), nachapa kila kilichomo, natia kwenye bahasha, napanda nayo nyumbani, na Jumapili baada ya misa nawasomea wazee. Ndiyo, mimi. Baba mdogo ndiye aliyeamua hivyo. "Kijana wetu ndiye mwenye mitambo, asome yeye." Nilikuwa nasoma kama mtu anayevuka mto kwa mawe, lakini walivumilia, na sitaficha, nilianza kujiona mtu.

Halafu ikaja ile Alhamisi. Nilikuwa nahudumia wateja, akaingia Baba mdogo na kofia yake ya pama, hakukaa.

"We Deo."

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Nasikia Anaeli ameandika habari za ukumbi."

"Hazijafika kwenye harusi, baba mdogo."

"Najua hazijafika! Amemwandikia Fausta. Unajua nimezisikia wapi? Buchani! Mimi mwenyekiti wa kamati nasimama kwenye foleni ya nyama, mwenye bucha ananiambia habari za ukumbi wa mtoto wangu mwenyewe."

"Hizo anamwandikia dada tu," nilisema, au nadhani nilisema, maana hakuonyesha kusikia.

"Harusi si ya Fausta peke yake, ni ya ukoo. Kila inayoingia kwa Fausta ije na kwangu. Na wakwe nao wapate, wasije wakasema watu wa Kibosho wanawaficha mambo. Kompyuta yako inaweza au haiwezi?"

Hapa ndipo ningesema haiwezi. Neno moja tu, na hakuna mtu duniani angejua. Au ningesema ngoja nimwulize dada. Lakini wateja walikuwa wanatuangalia, na mimi mzee akinikazia macho huwa natoa jibu lolote lililo karibu na mdomo, nikasema, "Inaweza."

"Basi ifanye, nakunywa soda hapo nje."

Nikaingia chumba cha nyuma. Nikafikiri haraka (jambo ambalo silijui, mimi ni wa kufikiri polepole). Nikaona, nikiandika kushoto "fausta", na kulia nikaandika "harusi", basi kila barua ya Fausta itakwenda kwa kamati yote, na kwa kuwa Fausta mwenyewe yumo ndani ya harusi, naye atapata yake. Nikajisifu kimoyomoyo. Nikaiamuru seva isome upya. Nikatuma barua ya majaribio kwa Fausta, nikafungua sanduku la Baba mdogo, nikaikuta imo. Nikatoka nje nikamwambia tayari, akanigonga bega, akaondoka na soda nusu.

Sikufungua sanduku la Fausta kuona kama majaribio yamefika na kwake. Ningeweza, nywila nilimtengenezea mimi. Lakini kulifungua sanduku la dada yangu niliona ni kama kumfungulia begi lake la nguo, na mimi si mtoto wa kufungua begi la dada yake. Heshima yangu ikaishia hapo: sikutaka kuchungulia sanduku lake, lakini nilikuwa nimeshaling'oa mlango.

Jumamosi nikachapa kama kawaida. Ukiacha yale majaribio yangu, zilikuwa karatasi tatu, mbili za Shangazi na moja ya Anaeli. Sikuzisoma. Huwa sisomi nikichapa, kwanza si zangu, pili nikianza kusoma duka halifungwi mpaka kesho. Nikazitia kwenye bahasha, nikapanda nyumbani na lori lililokuwa limeshusha ndizi sokoni.

Jumapili hiyo haikuwa kikao cha kawaida. Wakwe walikuja wenyewe. Mama Anaeli alikuja na Godlisten na wazee wawili wa ukoo wao, tukawapangia mabenchi uani, chini ya migomba, wazee wakapewa mbege, pombe yetu ya ndizi, kwenye kata za kibuyu, Mama Anaeli akapewa mtori, ile supu nzito ya ndizi, kwenye bakuli letu zuri la maua. Fausta alikuwa jikoni na wanawake, maana si adabu binti anayeposwa akae kwenye kikao kama hicho, lakini jikoni kwetu ni mbao tupu na kila kinachosemwa uani kinasikika. Nilikuwa namsikia akigonga mwiko kwenye sufuria. Watu walikuwa wachangamfu. Mzee mmoja wa upande wa wakwe aliisifu mbege, akasema kwao haiivi hivi, Baba mdogo akasema ni kwa sababu ya maji ya Kibosho, wakataniana hapo muda mrefu.

Kisha Baba mdogo akasema, "Haya, tusikilize na walio mbali. Deo, simama."

Nikasimama. Nikasoma ya kwanza ya Shangazi, keki. Nikasoma ya pili, sare za wasindikizaji, na watu wakabishana kidogo kuhusu rangi. Nikatoa ya tatu. Nikaanza, "Mpenzi wangu Fausta."

Uani pote wakaangua kicheko, lakini kicheko kizuri.

"Kumbe huyu kijana anajua kubembeleza!" akasema yule mzee wa mbege.

"Baba mdogo, nadhani hii si ya..." nikaanza.

"Si ya nini? Imekuja kwenye sanduku langu, ni yangu. Soma."

Ningeiweka mfukoni na kukimbia. Lakini Mama Anaeli akaweka kijiko chini, akanitazama, na yule mama ambaye sijawahi kumwona akicheka alikuwa anatabasamu. "Soma, baba," aliniambia kwa upole. "Ana miezi hajaniandikia mimi. Acha niisikie sauti yake."

Nani angemkatalia? Nikasoma.

Na hapa lazima mwelewe ninavyosoma. Mtu aliyesoma vizuri macho yake yanatangulia, anaona shimo kabla ya kulifikia, anaruka. Mimi macho na mdomo vinafika pamoja. Neno nalijua likiwa tayari limeshatoka nje. Kwa hiyo nilisoma kwamba Anaeli hajambo, na kwamba Dar kuna joto, na kwamba ameshaanza mafundisho parokiani, na mwalimu wake ni mzee mcheshi anayewachapa wanaochelewa kwa gazeti, na nilikuwa nimeshafika kwenye gazeti ndipo nikasikia kwamba nimesema mafundisho, na nimesema parokiani, yaani kwetu Wakatoliki.

Wazee wetu walikohoa. Godlisten akaangalia chini. Jikoni mwiko ulinyamaza.

Nikaona neno linalofuata ni "Mama". Nikafunga mdomo.

"Endelea," akasema Mama Anaeli. Tabasamu lilikuwa bado usoni, limesahauliwa hapo. "Mama ndiyo mimi. Mama nini?"

"Mama," nikasoma, "bado... hajui. Yeye anajua... tutafungia usharikani kwetu... na ameshamwambia mchungaji."

"Deo, inatosha," akasema baba yangu.

"Haitoshi," akasema Mama Anaeli. "Kijana, mimi ni mgeni wenu. Nisomee."

Nikamwangalia baba, baba akaangalia migomba. Nikamwangalia Baba mdogo, na yeye, ambaye alikuwa na sauti ya kuujaza uwanja, alikuwa anakuna goti. Kwa hiyo nikaendelea, na Mungu anisamehe, sikuwahi kusoma polepole kama siku ile, kila neno nalitoa kama jino. Nikasoma kwamba Anaeli ameogopa kumwambia kwa simu, kwa kuwa simu ni ya jirani na atalia mbele ya jirani. Kwamba atakuja Krismasi, watakaa naye jikoni wawili tu, atamwambia mwenyewe kwa mdomo wake, na akilia alie mbele yake yeye mwanawe. Nikasoma, "Mpaka siku hiyo nakuomba... usimwambie mtu... hata Deo."

Mtoto mmoja kwenye migomba alicheka, akazabwa kofi. Nilipoinua macho Fausta alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na mwiko mkononi, unadondosha uji wa ndizi miguuni pake. Hakuwa ananiangalia mimi. Alikuwa anaiangalia karatasi, na ndipo nikajua, kwa jinsi alivyoiangalia, kwamba yeye hakuwa ameiona kabla.

Barua ilikuwa haijaisha, lakini Mama Anaeli alikuwa ameshasimama. Hakupiga kelele. Angepiga kelele wazee wangepata la kutuliza. Alijifunga kitenge vizuri, akasema, "Bakuli hili mpeni mtoto, chakula kisiharibike," akamwambia Godlisten, "Twende," na wazee wao wakaweka kata chini zikiwa na mbege nusu, kitu ambacho sijawahi kukiona maishani mwangu. Mtori wake ulikuwa umeshaganda juu. Baba alinipokonya karatasi, akaingia jikoni, akaitia motoni.

Mngedhani imeishia hapo. Mimi nilidhani hivyo, nililala kitandani nikijiambia mabaya yote yameshatokea. Jumatatu nikashuka mjini kwa miguu tangu alfajiri, nikaingia chumba cha nyuma, nikafungua sanduku la Baba mdogo, nikakuta limejaa. Shangazi Konsolata alikuwa ameisoma ile barua Nairobi, akamjibu Fausta kwa ukali, ni nani aliyewaruhusu kuamua mambo ya kanisa bila wakubwa, na kwa kuwa alimwandikia Fausta, jibu lilikwenda kwa kamati nzima, na ili awe na hakika akaliandika tena kwa "harusi", kwa hiyo kila mtu akalipata mara mbili. Godlisten alikuwa amejibu kutoka Bomang'ombe kwamba tangu jana mama yake hali chakula, na wao wasiandikiwe tena. Na Anaeli (hii ndiyo iliyonimaliza), Anaeli mwenyewe yumo kwenye kamati, kwa hiyo barua yake ilimrudia mkononi. Maskini hakuelewa. Alikuwa ameandika tena, kabla hajaziona hizo za wengine, kwa Fausta tu, alivyodhani:

"Fausta, mbona barua yangu umenirudishia? Umeikataa? Kama umenikataa niambie, usinirudishie karatasi kama deni."

Hiyo nayo ilikwenda kwa watu wote. Kwa watu wote isipokuwa Fausta.

Kaka Elinami alipofika alinikuta nimekaa sakafuni. Nikamwonyesha mstari wangu. Aliuangalia muda mfupi tu.

"Deo. Kushoto fausta, kulia harusi. Na ndani ya harusi kuna nani?"

"Fausta."

"Sasa seva inatoka kwa Fausta, inakwenda harusi, inakuta jina la Fausta, inasema hapa nimeshapita, inaliacha. Wengine wote inawapelekea. Yeye inamruka. Si nilikwambia mwenye jina naye umwandike kulia, kwa ile alama ya kuiambia seva iishie kwake?"

Alikuwa ameniambia. Nilikuwa nimeitikia kwa kichwa.

"Na nani alikuruhusu kugusa jina la dada yako?"

"Baba mdogo."

"Baba mdogo ndiye fausta?"

Akaufuta ule mstari yeye mwenyewe, akaniambia niende nyumbani nipumzike, na nilipofika mlangoni akaongeza kwamba funguo za chumba cha nyuma niziache mezani.

Baba aliona lazima twende kuomba radhi. Kwetu ukimkosea mtu sana, unakata jani la sale, ule mmea unaopandwa mpakani mwa kihamba, unalifunga fundo, unampelekea, na yeye akipelekewa hilo jani hawezi kukufukuza, lazima akusikilize. Ilikuwa wazi kwamba Baba mdogo ndiye aende akaseme, lakini alisema goti lake limezidi kuuma. Tukaenda baba na mimi, tukashuka mjini tukapanda tena upande wa Old Moshi, tukamkuta Mama Anaeli anaanika kahawa. Nilimpa jani kwa mikono miwili. Maneno niliyoyafanyia mazoezi njia nzima yalinikimbia yote, nikabaki nimeinama kama mtu aliyedondosha kitu.

Alilipokea. "Sina neno na wewe, mwanangu," alisema. "Ulipewa ukasoma, na mimi ndiye niliyekwambia endelea. Nendeni salama." Kisha akarudi kwenye kahawa yake, akaanza kuchambua mbovu na nzima, na tukajua mazungumzo yamekwisha.

Kunisamehe mimi ilikuwa rahisi, nilikuwa si kitu. Anaeli, aliyekuwa ameshaelezwa kwamba si Fausta aliyemrudishia barua, alikuja Krismasi kama alivyoahidi. Godlisten ndiye aliyetusimulia. Anaeli alikaa na mama yake jikoni wawili tu, akaanza, "Mama, nina jambo la kukwambia," na mama akasema, "Nilishaambiwa." Kesho yake akajaribu tena. "Nilishaambiwa, mbele za watu." Mama alimpikia, akamfulia, akamkamulia maziwa ya kuondoka nayo, lakini lile neno ambalo mtoto alikuwa amelibeba kutoka Dar hakumpa nafasi ya kulitua. Na mtu akinyimwa nafasi ya kusema, mama naye atakubalije, au hata atakataaje? Anaeli alirudi Dar bila ndiyo wala hapana. Akamweleza Fausta kwamba hawezi kuingia kwenye ile nyumba na mke na kukaa na mama aliye kimya namna ile maisha yote. Kwaresma ilipoanza, baba akarudisha posa waliyotuletea wakwe. Hakuna aliyegombana. Ingekuwa ugomvi mngesema kuna mtu alishinda.

Fausta hakunitukana hata mara moja. Alinipakulia chakula kama kawaida, akaniuliza kama shati langu ni safi. Nilikuwa natamani anipige.

Baada ya Pasaka alikuja dukani, mara ya kwanza tangu siku ile. Nilikuwa nafagia. Akasimama karibu na mashine ya kuchapia, akasema, "Deo, ile barua bado ipo?"

"Baba aliichoma, dada."

"Ya karatasi. Nauliza kwenye kompyuta."

Ilikuwepo. Sanduku la Baba mdogo halijawahi kufutwa, mwenyewe hata hajui kama linafutwa. Kaka Elinami akanifungulia chumba cha nyuma, nikaichapa, nikampa dada karatasi ikiwa bado na joto, nikageuka nikaangalia ukuta. Alisoma kwa haraka, yeye ni mwalimu. Kisha nilipochungulia niliona ameweka kidole chini kabisa ya karatasi, chini ya pale niliposimamia mimi ile Jumapili. Kilichoandikwa pale sikijui mpaka leo.

"Hapa mwisho hukufika," alisema.

"Sikufika, dada."

"Lakini Shangazi alipata yote. Na Godlisten."

Nilitaka kumdanganya. Ningetoa chochote niwe na uongo mdogo wa kumpa. "Walipata yote," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayekubaliana na hesabu. "Basi wote walimjua Anaeli kabla yangu," alisema, akaikunja karatasi, akaitia kifuani, akatoka kwenda kutafuta gari la Kibosho.

Funguo za chumba cha nyuma nilirudishiwa baadaye, na kazi ya aliasi bado ni yangu. Wazee bado wanakuja, wananisimamia mezani na kofia zao, wanataka niwaongeze kwenye jina la binti, la mkwe, la mtoto aliye Ulaya. Nawaambia mwenye jina aje mwenyewe aniambie kwa mdomo wake. Wananiita mtoto asiye na adabu, na juzi Baba mdogo mwenyewe alitoka akibamiza mlango. Sauti yangu bado inatetemeka ninapowakatalia. Naiacha itetemeke.